Zamu

Jirani wa chini aliposikia tunaunda kikuza-mawimbi ya mikrowevu
alipandisha sahani ya kiburu tumpashie.
Ndeshukurwa akampashia kwenye jiko la mafuta ya taa
na hakusema kitu.

Chumba chetu kipo Kiboriloni, juu ya duka la mbolea.
Dirisha linatazama mlima
siku ambazo mlima unakubali kutazamwa.
Mezani kuna ubao wa kijani, mpana kama kiganja cha mpasua kuni,
na juu ya ubao makoo kumi na sita.

Kila koo lina transista mbili
zimelala mzungu wa nne, kama watoto wa kitanda kimoja:
hii inasukuma neno nje,
ile inavuta mnong'ono ndani.
Hii ikiamka, ile inalala.
Usiseme kufumba na kufumbua, huo ni uvivu;
kabla ukope haujagusa ukope
zimeshapokezana zamu mara elfu.

Wenye hela huweka vikuza viwili kila mlango,
kimoja cha kusema, kimoja cha kusikia,
na swichi za kuamua ugomvi.
Sisi tulihesabu hela mara mbili, tukachora upya.
Umaskini, anasema Ndeshukurwa, ni mhandisi mkali,
haupitishi mchoro wenye mbwembwe.

Antena yetu haina shingo.
Tutaipigilia ukutani na itatazama mbele tu, kama picha ya marehemu.
Lakini umewahi kulima kwa maksai?
Mmoja akichelewa nusu hatua, mtaro unapinda.
Basi ndivyo.
Tunalichelewesha koo la pili kidogo,
la tatu kidogo zaidi,
na wimbi zima linaegemea Kibosho
bila msumari kusogea.

Usiku wa kwanza koo la saba lilipiga yowe.
Mshale wa mita uliruka ukagonga ukingo.
Sauti ilitoka mbele, ikazunguka ukingo wa bati,
ikaingia tena kwa mlango wa nyuma,
ikakuzwa, ikatoka, ikarudi, ikakuzwa,
hadi ubao ukanuka.
Halikuwa likisema na mtu.
"Linajisikia," Ndeshukurwa akasema,
akacheka, maana neno lilikuwa kweli pande zote mbili.

Akakata kopo la maziwa ya unga,
akasimamisha ukuta mwembamba kati ya mdomo na sikio,
akauchomea kwa risasi.
Kimya.
Kimya kile kilinikalia vibaya.

Mimi ni mtoto wa mfongo.
Mbokomu, maji yetu yalikuwa Jumatatu na Ijumaa,
ya kaka yangu Kaanaeli Jumanne,
na tangu tumzike baba
hakuna aliyekubali siku ya mwenzake.
Simu zetu zilikuwa yowe la koo la saba:
yeye anasema, mimi nasema,
kila mmoja anasikia mwangwi wake na kuupandisha.
Maji ya mfongo hushuka tu.
Hayajawahi kurudi kumwambia mlima ahsante.

Sasa ubao wa pili unahitaji paa
linaloonana na dirisha hili bila mgomba katikati.
Tulipima. Tukapima tena, nikitumaini tumekosea.
Ni paa la baba. Analala chini yake Kaanaeli.

Nikapiga.
Akaanza na mahindi yake yaliyokauka,
akaja kwenye jembe nililochukua mwaka wa msiba,
akapita kwa shangazi, akarudi kwenye mahindi.
Nilikaa nimefumba upande mmoja.
Sijui ilikuwa dakika ngapi; kahawa iliganda utando.
Kisha upande wa pili nikasikia pumzi tu.
"Upo?"
"Nipo. Nilikuwa nasikiliza."
Akanyamaza, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Nikamweleza. Ubao, bati, makoo kumi na sita.
"Hicho kidude kinageuka?"
"Hakigeuki."
"Kitakula umeme wangu?"
"Kidogo. Kama taa ya choo."
Akafikiri. Nyuma yake mbuzi alilia.
"Basi lete.
Lakini Jumanne usije.
Jumanne ni zamu yangu ya maji."